Pat Summitt na Mpira wa Kikapu wa Wanawake

Msomaji wangu, katika masomo ya historia utakutana na swali ambalo wataalamu hawajachoka kulijadili: je, mabadiliko ya dunia huletwa na sheria au huletwa na watu? Aghalabu swali hili huulizwa juu ya vita na falme. Mimi nataka ulipime kwa jambo linalodhaniwa kuwa dogo, yaani mchezo wa wasichana, na kwa maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani aliyeitwa Pat Summitt.

Mpira wa kikapu ulibuniwa mwaka 1891 na James Naismith katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Mwaka uliofuata, mwalimu Senda Berenson aliupeleka kwa wanafunzi wa kike wa Chuo cha Smith, katika jimbo lilo hilo. Siku zile wengi waliamini ya kuwa mwili wa mwanamke hauwezi kustahimili mashindano makali. Kwa hiyo Berenson alikigawa kiwanja sehemu tatu, na kila mchezaji alitakiwa abaki katika sehemu yake. Kumpokonya mwenzako mpira kulikatazwa, na kuudunda zaidi ya mara tatu kulikatazwa vilevile. Tarehe 4 Aprili 1896, timu za wanawake za Chuo Kikuu cha Stanford na Chuo Kikuu cha California zilipokutana, wanaume hawakuruhusiwa kutazama. Stanford walishinda 2 kwa 1. Usicheke upesi, msomaji. Kanuni za namna hiyo ndizo zilizoufungulia mchezo mlango wa vyuo vya wanawake, na ndizo pia zilizoufunga miguu kwa miaka mingi.

Pat alizaliwa tarehe 14 Juni 1952 katika jimbo la Tennessee, na jina la ukoo wake lilikuwa Head. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alikuwa na kaka watatu. Mchana alikamua ng'ombe, akapalilia tumbaku na kufunga nyasi kavu matita; usiku alicheza mpira na kaka zake katika dari ya ghala la nyasi, wala hawakumhurumia kwa kuwa ni msichana. Alipofika umri wa kuingia sekondari, ilionekana ya kuwa shule ya kwao haikuwa na timu ya wasichana. Baba yake akaihamisha jamaa yote mpaka wilaya ya jirani, ambako timu ilikuwako. Walakini hata huko wasichana walicheza sita sita, watatu wakishambulia na watatu wakilinda, na hapana aliyeruhusiwa kuvuka mstari wa katikati. Kanuni hiyo ilidumu katika shule za Tennessee hadi mwaka 1979, na Pat, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa kocha, alikuwa mmoja wa walioipinga.

Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Tennessee, tawi la Martin. Kaka zake wote walikuwa wamesomeshwa kwa ufadhili wa michezo. Yeye hakupata ufadhili huo, si kwa sababu alicheza vibaya, bali kwa sababu haukuwapo kwa wanawake. Wazazi wake wakamlipia karo.

Alipokuwa angali mwanafunzi, tarehe 23 Juni 1972, Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria ya elimu yenye kifungu kilichopata sifa kubwa, nacho huitwa Kifungu cha Tisa. Maana yake kwa ufupi ni kwamba shule au chuo kinachopokea fedha za serikali kuu hakiwezi kumbagua mtu katika elimu kwa sababu ya jinsi yake. Ajabu ni kuwa kifungu hicho hakikutaja michezo hata kidogo. Mwaka 1975 zilitolewa kanuni za kueleza namna kitakavyotumika viwanjani, na vyuo vikapewa muda hadi mwaka 1978 kuzitimiza. Basi kati ya sheria kuandikwa na sheria kutendeka palikuwa na miaka mingi, na katika miaka hiyo ndipo Pat alipoanza kazi.

Mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 22, alikwenda Knoxville, makao makuu ya Chuo Kikuu cha Tennessee, awe msaidizi wa kocha huku akisomea shahada ya pili. Kocha aliyekuwako alichukua likizo, na timu ikakabidhiwa msaidizi ambaye alikuwa hajapata kufundisha. Wachezaji wake wanne walikuwa na umri wa miaka 21. Mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Jezi zilikuwa zimenunuliwa kwa fedha zilizopatikana kwa kuuza donati. Pat alizifua mwenyewe, na timu iliposafiri, yeye ndiye aliyeshika usukani wa gari. Siku hizi vyuo vikuu vikubwa vya Marekani huajiri watu maalumu wa kushughulikia safari, malazi, chakula na vifaa vya timu. Wakati ule kazi hizo zote zilikuwa juu ya mtu mmoja. Mchezo wake wa kwanza walishindwa na Chuo Kikuu cha Mercer, 84 kwa 83.

Mwaka huohuo alikuwa akiuguza goti lililoumia vibaya, na daktari alikuwa amemshauri aache kucheza. Hakuacha. Mwaka 1976, mpira wa kikapu wa wanawake ulipoingizwa katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Montreal, alikuwa nahodha mwenza wa timu ya Marekani iliyopata nishani ya fedha. Miaka minane baadaye, huko Los Angeles, aliiongoza timu ya nchi yake kama kocha, ikatwaa dhahabu.

Alifundisha Tennessee misimu 38, akashinda michezo 1,098 na kushindwa 208. Alitwaa ubingwa wa vyuo vikuu mara nane, na katika msimu wa 1997 na 1998 timu yake ilicheza michezo 39 bila ya kushindwa hata mmoja. Mwaka 2020 Tara VanDerveer wa Stanford aliipita hesabu yake ya ushindi. Lakini iko hesabu nyingine ambayo napenda uishike zaidi. Wachezaji wake walitakiwa kukaa katika safu za mbele darasani, wala hawakuruhusiwa kukosa somo bila ya udhuru. Kila mchezaji aliyetimiza muda wake wa kucheza chini yake alipata shahada.

Sasa angalia jambo ambalo watunga sheria hawakulitazamia. Mwaka 1972, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake katika vyuo vya Marekani zilifundishwa na wanawake. Sheria ilipoleta fedha na mishahara mizuri, wanaume walizitaka kazi hizo, na baadaye idadi ya makocha wanawake ikashuka chini ya nusu. Hivyo sheria ileile iliyowaongezea wasichana nafasi ya kucheza iliwapunguzia wanawake sehemu yao katika kufundisha. Pat aliyazuia hayo kwa kadiri ya uwezo wake, kwa kuwalea wachezaji wake wawe makocha. Mmoja wao ni Holly Warlick, aliyecheza chini yake, kisha akawa msaidizi wake tangu mwaka 1985.

Mwezi wa Agosti 2011, Pat alitangaza hadharani kuwa ameshikwa na maradhi ya Alzheimer, ambayo hula kumbukumbu ya mtu kidogo kidogo. Aliendelea na kazi msimu mmoja zaidi, Warlick na wasaidizi wengine wakimbebea mzigo mkubwa. Aprili 2012 alistaafu, na Warlick akashika nafasi yake. Alifariki tarehe 28 Juni 2016, akiwa na umri wa miaka 64.

Turudi katika swali letu. Bila ya Kifungu cha Tisa, yamkini Pat angalifua jezi na kuendesha gari maisha yake yote, asipate ufadhili wa kumpa hata mchezaji mmoja. Lakini sheria haikumwamsha mtu alfajiri kwenda mazoezini, wala haikumketisha mchezaji katika safu ya mbele darasani. Tena, ilipoachwa peke yake, ilileta hasara kwa makocha wanawake iliyohitaji watu wa kuirekebisha. Kwa hiyo, utakaposoma katika kitabu chochote cha historia kwamba haki fulani ilipatikana mwaka fulani kwa sheria fulani, usifunge kitabu hapo. Uliza ni nani aliyeipokea haki hiyo, alifanya kazi gani siku ya pili yake, na alimwachia nani alipoondoka.