Nyumba ya Luther Wittenberg na Haki ya Mjane

Nyumba ya Martin Luther mjini Wittenberg haikukusudiwa kuwa makao ya familia. Ilianza kujengwa mwaka 1504 kwa ajili ya watawa wa Mtakatifu Augustino. Watawa walipokwisha kutawanyika, Mtawala Johann wa Saksonia alimpa Luther na mkewe, Katharina von Bora, hati ya kuimiliki mwaka 1532.

Katharina ndiye aliyeiendesha: alilaza wanafunzi kwa malipo, akapika pombe, akalima na kufuga. Mwaka 1540 shamba la Zülsdorf lilinunuliwa kwa kaka yake kwa guldeni 610.

Sheria ya Saksonia haikumpendelea mjane. Kwa hiyo mwaka 1542 Luther aliandika wosia kwa mkono wake, bila wakili, akimwachia mkewe Zülsdorf na nyumba ndogo ya jirani, wala asiwekewe msimamizi, maana mama ndiye mlezi bora wa watoto wake. Luther alifariki mwaka 1546. Wosia ulithibitishwa, na walezi wakawekwa vilevile! Mchungaji aliyewahi kusikiliza mashauri ya mirathi hatashangaa. Gregor Brück, aliyekuwa kansela, alipinga Katharina asinunue shamba la Wachsdorf, naye akalinunua.

Vita vikayaharibu mashamba, akalazimika kukopa. Alifia Torgau mwaka 1552. Mwaka 1564 warithi waliiuza nyumba kubwa, ikawa mali ya Chuo Kikuu.