Daftari la zahanati nalo ni makavazi

Nikiwatuma wanafunzi wakatafute historia ya udaktari nchini, wengi hukimbilia Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue. Si vibaya. (Wapo wanaoyachanganya na makumbusho, makavazi hutunza nyaraka.) Yaliundwa kwa sheria ya 1965, na humo mna faili za idara ya afya ya mkoloni. Hati za kibinafsi za maafisa Waingereza, madaktari wakiwemo, Chuo Kikuu cha Oxford kilianza kuzikusanya 1963, wenyewe wakifunganya kurudi kwao.

Sasa njoo Kibera au Kawangware. Katika zahanati nyingi mgonjwa huja na daftari, lile lile la shuleni. Yeye hueleza kwa Kiswahili: “Daktari, kifua kinanibana, usiku ni kukohoa tu.” Daktari huandika kwa Kiingereza, maneno matatu na jina la dawa. Kisha mgonjwa huenda zake na daftari lake. Zahanati hubaki na mstari mmoja kwenye rejista.

Kazi ya daktari imo humo daftarini: alibadilisha dawa lini, alimrudisha nani. Nalo hulowa mvua ikivuja, huteketea mabati yakishika moto, ama hufungiwa mandazi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilihudumu Kibera miaka 20 hivi, hadi 2017. Wagonjwa wake wengi wangali hai. Idara zetu za Kiswahili zingeanzia kwao, kwa idhini yao na majina yakifichwa: watufungulie daftari, watuambie siku ile walimwambia daktari nini, kwa maneno yao.