Mapenzi katika riwaya za njia ya misafara

Riwaya za njia ya misafara ni hadithi za mapenzi zilizojengwa juu ya historia ya biashara kati ya mwambao na bara katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Maarufu zaidi ni mbili za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja (1948) na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021: Paradise (1994) na Afterlives (2020). Hazikutolewa kama mfululizo, lakini wasomaji wengi huzisoma pamoja, kwani ya pili inaendelea karibu pale ya kwanza inapoishia. Wanaume wa riwaya hizi wanapendeka na wana dosari kubwa: huondoka, hunyamaza, au humtumikia anayewaonea. Wanawake ndio hubaki na matokeo yake, na hadithi inasimama juu yao.

Usuli wa Tabora

Tabora ni mji uliokua kwa sababu ya misafara. Njia ya kati ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, eneo la Tabora, na kufika Ujiji. Pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani. Nguo, shanga, bunduki na baruti zilipanda bara. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo, wengine kwa mishahara, na sifa yao ilifika hadi visiwani.

Ndoa ilikuwa sehemu ya biashara. Muhammed bin Juma, baba yake mfanyabiashara mashuhuri Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ndoa hiyo ilimpa heshima na nguvu ambazo mali peke yake isingempa. Baada ya Fundikira kufariki, Mnywa Sere alirithi kiti, akagombana na wafanyabiashara Waarabu juu ya ushuru, akafukuzwa na nafasi yake ikachukuliwa na Mkasiwa. Mnywa Sere aliuawa mwaka 1865. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na humo baba yake na wafanyabiashara wenzake wanaonekana kwa vitendo vyao vyote; Karunde anatajwa kwa kifupi tu, ingawa bila yeye Muhammed bin Juma asingekuwa mtu mkubwa Unyanyembe.

Paradise

Yusuf yuko katika mwaka wake wa 12 hadithi inapoanza. Baba yake, mwenye hoteli ndogo katika mji wa reli, anamtoa rehani kwa tajiri Aziz ili kulipia deni. Mtoto anadhani anakwenda kwa mjomba. Ni Khalil, kijana wa dukani ambaye naye ni rehani, anayemweleza kwamba Aziz si mjomba wake.

Baadaye Yusuf anafuata msafara wa Aziz hadi ng'ambo ya ziwa, chini ya mnyapara mkali Mohammed Abdalla. Huko Mtemi Chatu anawashambulia usiku na kuwanyang'anya mali, kwa kuwa mfanyabiashara mwingine alimdhulumu kabla yao. Mzungu Mjerumani anaingilia kati, na msafara unarudi pwani umefilisika. Sehemu hii ni nzuri kuliko zote kwa anayetaka kuijua biashara hiyo kutoka ndani: hongo za njiani, maradhi, wapagazi wanaotoroka.

Aziz si katili wa kawaida. Ni mpole, ananukia manukato, na hapandishi sauti. Ndiyo maana dhuluma yake ni ngumu kuitambua. Yusuf mwenyewe ni mzuri wa sura na mwema, lakini anachelewa kuchagua. Zulekha, mke mkubwa wa Aziz, ni tajiri aliyejifungia ndani kwa sababu ya alama usoni. Anaamini mguso wa Yusuf utamponya, na siku moja anamvuta hadi shati linachanika mgongoni. Msomaji wa Kiislamu ataitambua mara moja Sura ya Yusuf ya Kurani. Gurnah amemfanya mwanamke huyu wa kuhurumiwa, si wa kulaaniwa, na hilo ni jambo kubwa.

Amina, aliyelelewa kama dada yake Khalil, alichukuliwa kwa deni lilelile lililomfanya Khalil rehani, kisha akaolewa na Aziz. Yusuf anampenda na kutaka watoroke. Amina anaijua hali yake waziwazi kuliko mwanamume yeyote katika riwaya hii, naye hajidanganyi. Mwishoni Yusuf anakimbia kuufuata mstari wa askari wa Kijerumani.

Toleo la Kiswahili, Peponi, lilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022.

Afterlives

Hamza, kama Yusuf, alikuwa mtoto wa rehani kabla ya kujiunga na jeshi la Wajerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vinamwachia jeraha na aibu asiyoweza kuisema. Anarudi pwani, anafanya kazi kwenye karakana ya useremala na kumpenda Afiya. Afiya alipigwa utotoni hadi mkono ukavunjika, kosa lake likiwa kujua kuandika. Kaka yake Ilyas, aliyemfundisha, alimwacha akaenda kuwa askari, na baada ya miaka mingi alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Mapenzi ya Hamza na Afiya ni ya polepole na ya heshima, na ni miongoni mwa yaliyoandikwa vizuri zaidi kuhusu zama hizo. Tabora halisi ilikuwa ndani ya vita hivyo: reli ilifika mwaka 1912, na Wabelgiji waliuteka mji Septemba 1916.

Kazi nyingine

Nje ya njia hiyo kuna riwaya nyingine mbili za mapenzi. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe iliandikwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999) inahusu Zanzibar ya ukoloni. Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021.

Hali ya sasa

Tembe la Kwihara karibu na Tabora, alikokaa mmisionari na mpelelezi David Livingstone mwaka 1872, ni makumbusho. Njia ya kati iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia.