Limetoka au Limeng'oka?

Mama wa Ndara, jirani na mji wa Voi, akipiga simu na kusema, "Jino la mtoto limetoka," anayepokea hawezi kujua kama apongeze au akimbie. Jino linalochomoza ufizini limetoka. Jino lililopigwa kiwiko uwanjani likaangukia mchangani, nalo limetoka.

Neno la tukio hilo la pili tunalo: kung'oka. Ndilo tunalolitumia kwa mti na muhogo, na halina utata, kwani kilichong'oka kimetoka na mzizi wake. Jino likimeguka au kukatika, mzizi umebaki. Likilegea, bado limo tunduni. Mabango huandika "dharura ya meno", nami naliheshimu neno dharura, ila halisemi mtu ana muda gani. Kitenzi ndicho kinachosema.

Jino la ukubwani likishang'oka, nafasi nzuri ya kuliokoa ni ndani ya nusu saa, au saa moja hivi. Lishikwe kichwa, yaani sehemu inayoonekana kinywani, mzizi usiguswe wala kusuguliwa. Likiwa na mchanga, lisuuzwe sekunde chache tu kwa maziwa au maji safi, kisha lirudishwe tunduni papo hapo na mtoto aume kitambaa. Ikishindikana, litiwe ndani ya maziwa baridi, nayo si ya kutafutwa mbali, kwani Ndara ni nchi ya mifugo. Kisha bodaboda hadi hospitalini Voi, bila kungoja asubuhi. Jino la utoto halirudishwi, maana linaweza kuliumiza lile linalokua chini yake. Kwa hiyo swali la pili la anayepokea simu, baada ya "limeng'oka?", ni umri wa mtoto.

Kuuma nako ni kitenzi cha ajabu. Kazi ya jino ni kuuma, na likiugua linamuuma mwenyewe. Walakini maumivu hayapimi hatari: jino lililokuwa likiuma usiku kucha likinyamaza ghafla, huenda kiini chake kimekufa na usaha unajikusanya chini. Wengi hushukuru siku hiyo, wakaahirisha safari ya hospitalini.

Cha kuogopwa ni kuvimba. Shavu au chini ya taya kukivimba pamoja na homa, kinywa kikakataa kufunguka, kumeza au kupumua kukawa kazi, huenda usaha unaelekea shingoni. Hapo si suala la vidonge vya duka la dawa. Ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi, mjini Voi, hata kama ni saa nane za usiku, na mlangoni lisemwe neno lenyewe: "Amevimba, hawezi kumeza." Ukisema "anaumwa na jino", unaweza kuelekezwa kwenye benchi.

Mhudumu naye aulize kwa vitenzi. Limeng'oka au limekatika? Lini? Liko wapi sasa, na liko ndani ya nini?