Herufi Nene na Irabu Zilizofichika: Dokezo la Historia ya Chapa Kisii na Nyamira

Wahakiki wetu huchunguza maneno na kulisahau umbo la herufi. Herufi nene zenye ncha za mraba zilichipuka London katika miaka ya 1810, zikapata umbo jipya katika Clarendon ya Robert Besley mwaka 1845. Kazi yao ilikuwa kumwita mpita njia kutoka kwenye bango. Kwa Abagusii, ambao nchi yao leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, maandishi yaliletwa hasa na misheni: Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, kisha Waadventista Nyanchwa. Agano Jipya kwa Ekegusii lilitoka mwaka 1948, na Biblia nzima mwaka 1988.

Hapa ndipo penye utata. Ekegusii ina irabu saba, ilhali hati yake ina herufi tano tu za irabu. Hata bango likichapwa kwa herufi nene namna gani, irabu mbili hubaki bila alama zake, na msomaji huzikisia kwa muktadha. Unene huongeza ukelele, hauongezi sauti. Mwanahistoria wa fasihi hana budi kuuliza: herufi tulizopokea zilichongwa kwa kuzingatia masikio ya nani?