Mpunga, Miwa na Mnunuzi wa Karafuu

Historia ya misaada ya kilimo katika kisiwa cha Unguja huandikwa mara nyingi kwa kumtazama mtoaji: nani alikuja, alileta nini, aliondoka lini. Naona njia hiyo yatuficha nusu ya habari. Shamba la Unguja lilikuwa na bwana wa pili, naye ni mnunuzi. Na katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 12 Januari 1964 wote wawili, mfadhili na mnunuzi, walitoka katika nchi zilizokaa baraza moja huko Bandung mwezi wa Aprili 1955, yaani China na Indonesia.

Tuanze na mfadhili. Wiki ile ile ya Mapinduzi, Zhou Enlai, Waziri Mkuu wa China, alikuwa ziarani Ghana, na huko akatangaza kanuni nane za misaada ya nchi yake. Zilitaka mkopo uwe bila riba au wenye riba ndogo, muda wa kulipa urefushwe penye haja, na wataalamu waishi kama waishivyo wenzao wa nchi inayosaidiwa, pasipo anasa za pekee. Kabla ya mwaka huo kwisha Zanzibar ilikuwa imekwisha kuahidiwa mkopo wa China usio na riba, na madaktari wa Kichina walikuwa wamefika. Katika kilimo lilianzishwa shamba la Serikali la Upenja, upande wa kaskazini, na katika miaka ya 1970 kikajengwa kiwanda cha sukari cha Mahonda, chenye mashamba yake ya miwa.

Kwa nini mpunga ulishika nafasi kubwa katika mipango ya miaka ile? Kwa sababu Unguja ni kisiwa kilacho wali na kuununua ng'ambo. Ardhi yake yenye udongo mzito, upande wa magharibi na kaskazini, ilikwisha kukaliwa na mikarafuu na minazi. Mashariki ni maweni, ambako jembe hugonga jiwe. Mpunga ukabakiwa na mabonde, ukingojea mvua. Mwaka 1942, Burma ilipoangukia mikononi mwa Wajapani, mchele uliadimika, na watu wakajua, kwa njaa wala si kwa hesabu za vitabuni, hatari ya kuliwekea tumaini shamba lililo ng'ambo ya bahari. Serikali ya Mapinduzi ilirithi kumbukumbu hiyo. Machi 1964 iliifanya ardhi kuwa mali ya umma, na tangu 1965 ikawagawia wananchi eka tatu tatu.

Sasa tumtazame mnunuzi. Karafuu yenyewe ni mgeni: asili yake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo vimo katika Indonesia, nayo ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kwa njia ya visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Kisha ikawa ajabu ya biashara: Waindonesia, waliozoea kuvuta sigara zilizochanganywa na karafuu, wakawa wanunuzi wakubwa wa zao lililotoka kwao. Kwamba mnunuzi mmoja aweza kuitikisa dola, Unguja ilikwisha kuliona. Mwaka 1937 wafanya biashara wa Kihindi, wakiungwa mkono na chama cha Congress cha India, waligomea karafuu kwa kupinga sheria za biashara ya zao hilo, hata mwaka uliofuata Serikali ya Kiingereza ikalazimika kupatana nao.

Fedha za karafuu zilikuwa nyingi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hata hivyo Serikali ya Mzee Karume ilibana uagizaji wa vyakula, mchele ukawa wa mgao, ili watu wale walichokilima. Kwangu mimi hapa ndipo penye uchungu wa habari hii: akiba ilikuwako hazina, na mistari ilikuwako madukani. Baada ya Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, Aboud Jumbe alilegeza amri hizo. Kujitegemea kulikuwa kumeagizwa kabla mabonde hayajawa tayari, na mafundi wa kigeni, wawe hodari namna gani, hawakuweza kuyaharakisha majira ya mvua.

Wakati huo huo Jakarta nayo ilikuwa ikijitegemea. Katika miaka ya 1970 mikarafuu ilipandwa kwa wingi sana katika Indonesia, nao mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Hata ilipozaa, mnunuzi hakuwa na haja tena na Unguja wala Pemba, na bei ikaanguka katika miaka ya 1980. Hatuwezi kuwalaumu. Walilofanya Waindonesia kwa karafuu ni lile lile ambalo Unguja ilitaka kulifanya kwa mpunga: kuacha kununua kwa jirani kinachoweza kuota nyumbani. Bandung ilihubiri udugu na kujitegemea kwa pumzi moja, nami sijaona popote walipojadili itakuwaje ndugu mmoja akijitegemea katika zao ambalo ndilo riziki ya mwenzake.

Fedha zilipokauka, mashamba ya Serikali yakadhoofika. Kiwanda cha Mahonda baadaye kikaingia mikononi mwa kampuni binafsi. Mabonde ya Unguja yangali yakilimwa, mengine kwa maji ya mifereji, na sehemu kubwa ya mchele wa kisiwa yaendelea kushushwa kutoka melini.