Fundi wa Mitambo Hulipwa kwa Lipi?

Fundi wa mitambo wa Kariobangi, Nairobi, au wa Gerezani, Dar es Salaam, hulipwa mashine ikiharibika. Mwenzake wa kiwandani Ujerumani hulipwa hata mwezi ambao hakuna kilichovunjika. Kwangu mimi, malipo hayo ndiyo yanayozitenganisha desturi hizi mbili za ufundi, kuliko vifaa na kuliko vyeti.

Ujerumani, kijana hutia saini mkataba na kiwanda, akafunzwa miaka 3 na nusu, kazini na chuoni kwa zamu, huku akipokea posho tangu mwezi wa kwanza. Mwishoni hutahiniwa na chemba ya viwanda na biashara. Akiajiriwa, sehemu kubwa ya kazi yake ni kukagua kwa ratiba: kutia grisi, kupima mtikisiko, kubadili beringi kabla haijalia.

Wajapani walikwenda mbele zaidi. Nippondenso, kampuni ya kundi la Toyota, ilitambuliwa mwaka 1971 kwa utaratibu ambao mwendesha mashine mwenyewe huisafisha, huitia mafuta na kukaza nati zilizolegea. Fundi hubaki na kazi ngumu zaidi.

Kwetu, spana boi huanza kwa kushika tochi na kuosha vipuri kwa dizeli. Mara nyingi hana mshahara, ila chakula na nauli. Wengine wazazi wao ndio wanaomlipa fundi. Hujifunza kwa jicho na kwa sikio. Nawaheshimu sana watu hawa. Mleteeni mmoja wao mashine ya kusaga ambayo aliyeiunda alishafunga kiwanda, spea hazipatikani popote: ataipima shafti iliyolika, atatafuta chuma chakavu chenye ugumu unaofaa, atakikereza, atachomelea panapohitaji, na jioni unga unatoka. Aliyezoea kuagiza kipuri kwa namba ya katalogi hana sababu ya kujifunza hayo.

Lakini ustadi huo wote huitwa mashine ikishasimama. Mwenye kinu hamwiti fundi mapema, na hata fundi akija akakaza mkanda na kutia grisi, huulizwa mbona anadai pesa na hakutengeneza kitu. Basi fundi hukaa akingoja simu, wiki nyingine hana hata ya kodi, na mkanda uliolegea huendelea kula pulei. Tuna methali ya ufa na ukuta, ila fundi tunamlipa kwa ukuta tu.

Wenye vinu vya mahindi na wenye mashine za kukamua alizeti kule Singida, kubalianeni na fundi wenu malipo ya kila mwezi, hata kama ni madogo, aje akague mashine ikiwa inazunguka. Na siku asipokuta kosa lolote, mlipeni vilevile.